Kabla ya Kufunga Turubai: Mwongozo kwa Mwenye Lori wa Matete

Fomu imekufikia kutoka Nairobi. Kampuni kubwa inayohamisha mabalozi na watu wa mashirika imekupa kazi ya kuchukua vyombo vya nyumba nzima hadi ghala lake, na kabla haijakulipa hata shilingi inataka ujaze kurasa kumi. Ukurasa wa sita unauliza: je, unayo sera ya kuzuia utumwa wa kisasa katika kazi zako na kwa wale unaonunua kwao? Wewe una kanta mbili, pikapu moja na yadi yenye ua wa mabati hapa Matete. Umecheka, ukatia alama penye "ndiyo", ukagonga muhuri.

Usiitume bado.

Swali hilo limetoka mbali. Uingereza ilitunga Sheria ya Utumwa wa Kisasa mwaka 2015, na kampuni inayofanya biashara huko, ikiwa mauzo yake kwa mwaka yanafika pauni milioni 36, hulazimika kueleza hadharani kila mwaka imefanya nini kuhakikisha hakuna mtumwa katika kazi zake wala kwa wanaoiuzia. Wajerumani nao wana sheria ya namna hiyo, iliyoanza kutumika Januari 2023. Basi London inamuuliza wakala wake wa Nairobi, wakala wa Nairobi anakuuliza wewe, na wewe umebaki na mtu mmoja tu wa kumuuliza: nyapara anayekuletea vijana wa kubeba. Nisikufiche, fomu nyingi za aina hii huandikwa ili wakubwa wajikinge. Lakini swali lenyewe ni la haki, na sheria ya hapa nyumbani nayo ina makali.

Kifungu cha 30 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu asiwekwe utumwani wala kulazimishwa kazi, na kifungu cha 25 kinaiweka haki ya kutofanywa mtumwa miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Halafu kuna Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010. Anayepatikana na hatia ya ulanguzi hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mlanguzi hahitaji kuvuka mpaka. Kumtoa mtu Lodwar kwa hadithi za uongo na kumleta Matete kumtumikisha kunatosha. Na kwamba kijana alikubali kwa hiari yake si utetezi, ikiwa alikubali kwa kudanganywa, kutishwa au kwa sababu shida zake zilitumiwa dhidi yake.

Sasa weka kalamu chini, uende yadini.

Nenda saa kumi na moja alfajiri, vijana wanapongoja kupangiwa kazi, wala usimwambie nyapara kuwa unakuja. Kaa na kila mmoja kando kidogo. Usimuulize kama ni mtumwa. Hakuna atakayekujibu ndiyo. Muulize nani alimleta, alilala wapi, jana alilipwa ngapi mkononi, na anadaiwa nini na nani. Hilo la mwisho ndilo kiini cha mwongozo huu wote. Katika kazi ya kubeba, siku hizi mtu hafungwi kwa pingu. Hufungwa kwa deni.

Fungua daftari la nyapara uone. Tuseme kijana ametoka Pokot Magharibi. Wewe unamtolea shilingi 800 kwa siku ya kazi, na unajiona muungwana. Kabla hajainua hata kiti, tayari anadaiwa 3,000: nauli 1,000, ovaroli na glavu 1,200, na "ya kuingizwa kazini" 800. Kazi za kuhamisha si za kila siku, kwa hiyo juma hili amepata siku tatu: 2,400. Nyapara anachukua 150 kwa kila siku ya kazi, jumla 450. Chakula na kitanda ni 250 kwa siku, na tumbo halingojei lori, kwa hiyo ni siku saba: 1,750. Toa hizo, zinabaki 200. Deni lina riba ya asilimia kumi kwa juma, yaani 300. Kijana amebeba friji, makabati na magunia ya mahindi ya watu siku tatu, na Jumapili jioni deni lake limekuwa 3,100.

Wewe hukumwibia. Umelipa 800 zako zote, ila ulimpa mtu mwingine. Kosa la waajiri wengi wadogo ninaowajua liko hapohapo.

Kwa hiyo mlipe kijana mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kibarua wa siku alipwe siku ileile kazi inapoisha, na mshahara umfikie mwenyewe. Ukilipa kwa M-Pesa, hakikisha laini ni ya jina lake, kwa maana nimeona orodha za malipo ambamo watu sita wana namba moja ya simu, ya nyapara. Nyapara naye ana haki ya kulipwa kwa kukusanya na kusimamia watu, lakini alipwe na wewe, kwa bei mliyoandikiana. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi pesa kama shukrani ya kumpa kazi au ya kumwacha aendelee nayo. Ile "ya kuingizwa kazini" iondoe leo. Ovaroli na glavu ni vifaa vya kazi yako, vinunue wewe. Na kama kijana ana deni la kweli, la nauli kwa mfano, liandike kwenye karatasi mbili, moja yake na moja yako, bila riba, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya ujira. Hiyo theluthi mbili ni ukomo wa kisheria. Mimi binafsi singefika hata robo.

Kuna deni jingine ambalo hatuliiti deni, nalo hutengenezwa na watu wazuri kabisa. Kabati la vioo la mwalimu aliyehamishwa limeteleza kwenye ubao wa kupakulia, limevunjika. Mwalimu amekasirika, wewe umeaibika, na kabla jua halijatua umetamka: "Hilo kabati ni elfu 18, mtalilipa nyinyi mliolishika." Vijana watatu, elfu sita kila mmoja. Kwa siku tatu za kazi kwa juma, wakiishi kwa nini, watalimaliza lini? Mmoja akitoroka utampigia chifu useme ni mwizi, na akibaki anakufanyia kazi bure. Hapo umeshafika kwenye utumwa, ndugu yangu, hata kama Jumapili unasoma somo la kwanza kanisani.

Sheria inaruhusu ukate kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa ikiwa mfanyakazi aliiharibu kwa makusudi. Kuteleza kwenye ubao uliolowa si makusudi. Dawa iko kwenye mkataba na bima. Kabla ya kupakia, zunguka nyumba na mwenyewe, piga picha kila kitu chenye kioo au mkwaruzo, mwandikiane vilivyomo na nani atabeba hasara ya kuvunjika. Kama kazi ni kubwa, kata bima ya mizigo safarini na uiweke kwenye bei. Mteja akikataa bima kwa sababu ya bei, aandike kwamba amekataa. Bima ya wafanyakazi nayo, chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, si hiari. Kijana akivunjika mguu chini ya jokofu, halafu matibabu yakaandikwa kwenye lile daftari la nyapara, umerudi ulikotoka.

Baada ya deni, kipande. Hapa Magharibi wazee bado wanakiita kitambulisho kwa jina hilo, na jina lina historia. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikopo cha chuma alichokivaa shingoni. Bwana asipotia sahihi kwamba amekuachilia, ukiondoka wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Na vita vyenyewe vilikuwa vimepiganwa juu ya mabega ya wapagazi waliosombwa kwa nguvu vijijini, lile jeshi la kubeba mizigo lililoacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Kazi yetu hii ya kubeba ina ukoo mzito.

Kwa hiyo ukikuta kitambulisho cha mtu kwenye droo ya ofisi yako, "ili asitoroke na jaketi ya kampuni", kirudishe kabla ya chai ya saa nne. Chukua nakala, andika namba, basi. Waulize na madereva: mara nyingi leseni ya dereva huzuiliwa na mwenye gari mpaka "shoti" ya mafuta ilipwe. Mtu asiyeweza kuondoka na karatasi zake hawezi kuondoka.

Asiye na kitambulisho kabisa anakupa kazi nyingine ya kufanya, kwa sababu huenda hajafika miaka 18. Pale stejini, lori likisimama, wanaokimbilia kushika nyuma wakipiga kelele "bosi, watu wanne!" wana miaka mingapi? Vijana wetu hurefuka mapema. Usikisie kwa macho. Asiyekuwa na kadi aje na cheti cha kuzaliwa au mzazi, na ukiwa na shaka mrudishe. Sheria ya Ajira inaruhusu kazi nyepesi kwa mwenye miaka 13 hadi 16, kazi isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na kazi ya hatari imekatazwa kwa yeyote aliye chini ya 18. Kushusha sofa ya watu watano kutoka ghorofa ya tatu si kazi nyepesi. Wale wavulana wanaoosha lori lako kila Jumamosi kwa mia moja na mandazi, nao wahesabu. Hawako kwenye orodha yako ya wafanyakazi, lakini lori ni lako.

Msimu ukibadilika ukakodisha gari kubeba miwa kwenda kiwanda cha Kabras au cha Butali, ukaguzi ni uleule, ila sasa unawahusu wakataji. Angalia kambi yao: nani anashika ufunguo usiku, maji yanatoka wapi, duka la kukopesha ni la nani. Duka likiwa la nyapara, rudi kwenye ile hesabu ya 3,100.

Nimefika kwenye sehemu ambayo fomu ya Nairobi haiiulizi, nayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Kazi ya kuhamisha inakuingiza hadi vyumbani. Chifu hafiki jikoni kwa mtu, mchungaji huishia sebuleni, lakini kijana wako anakunja hata godoro. Anaona nani analala wapi.

Tuseme ni Jumamosi, familia inahamia Nairobi. Kila kitu kimepakiwa. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna gunia lililokunjwa, blanketi moja na mfuko wa plastiki wenye gauni mbili. Msichana amesimama kando ya sufuria, pengine ana miaka 13. Kijana wako anauliza, "Mama, huyu anapanda mbele na nyinyi?" Mama anajibu bila kugeuka, "Huyo atakaa nyuma na vitu." Msichana hasemi neno. Ukimuuliza jina anamtazama mama kwanza.

Usianze kupiga kelele. Huenda ni mpwa anayepelekwa shule, na kwetu watoto hulelewa na shangazi tangu enzi. Lakini kulelewa kuna dalili zake: mtoto ana sare, ana daftari, anazungumza na mamake kwa simu, anajua atarudi lini. Uliza maswali ya kawaida ya mpakizi: "Wewe uko darasa la ngapi? Nyumbani ni wapi?" Kisha mwambie mteja sera yako kwa sauti ya kikazi: gari letu halibebi abiria nyuma, na mtoto hasafiri nasi bila mzazi au mlezi kuandika jina na namba. Kanuni ya gari haimwaibishi mtu, na inakupa dakika kumi za kufikiri. Ukiona dalili mbaya, namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure saa yoyote, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yupo. Mpigie ukiwa umeondoka mbele ya mteja. Lengo ni mtoto abaki salama baada ya lori kuondoka. Ukigombana hapo mlangoni, yeye ndiye atakayepigwa usiku.

Waeleze vijana wako mapema kwamba hawatapoteza kazi kwa kuripoti, hata mteja akiwa mkubwa. Ukinyamaza kuhusu hilo, watanyamaza nao.

Kisha kuna safari ya kurudi. Lori likirudi tupu linauma mfuko, na hapo ndipo dereva hukutana na mtu mwenye magunia machache ya kupakia usiku, bila risiti, kwa nauli mara tatu ya kawaida. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, kontena lililokuwa juu ya lori lilifunguliwa na ndani zikapatikana maiti 64 za Waethiopia waliokosa hewa. Waliotoka hai walikuwa 14. Dodoma, Juni 2012, zaidi ya 40 walikufa vivyo hivyo. Njia ya kwenda Afrika Kusini kutoka Pembe ya Afrika inapita Kenya, na inatumia magari kama yako, yenye turubai na karatasi halali.

Dereva asipakie mzigo ambao hakuuona ukipakiwa. Kila kituo cha kulala, azunguke gari na taniboi wake, wafungue turubai, wapige picha yenye saa, wakutumie. Kabla ya mizani ya Webuye na kabla ya Malaba wafanye tena. Nauli ikizidi kiasi, akupigie kwanza. Na mlipe dereva vizuri. Sijui njia nyingine ya kumfanya mtu akatae elfu ishirini saa sita za usiku.

Kuhusu unaonunua kwao nitakuwa mfupi, maana fomu hurefusha sana hapa. Huwezi kufuatilia mpira wa tairi hadi msituni ulikogemwa, wala pamba ya ovaroli hadi shambani. Andika hivyo kwa ukweli. Unachoweza kufuatilia kiko ndani ya kilomita chache. Mlinzi wa usiku analetwa na kampuni gani, imesajiliwa na mamlaka ya ulinzi wa kibinafsi, inamlipa tarehe ngapi, na lini alipumzika siku nzima mara ya mwisho? Sheria inampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika saba. Lojingi wanakolala madereva wako, wasichana wa pale walitoka wapi? Na wakala anayekuahidi "watu wazuri kutoka mbali, hawana maneno": mkatae. Kutokuwa na maneno si sifa ya mbebaji. Akisema pia anapeleka wasichana Ghuba kufanya kazi za nyumbani, muulize leseni yake ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha umkatae hata hivyo.

Ukigundua jambo yadini kwako, usifanye kama wengi wanavyofanya, yaani kuwafukuza vijana wote alfajiri ili yadi iwe safi wakaguzi wakija. Umewatoa kwenye deni dogo ukawapeleka kwa mkopeshaji mbaya zaidi, na deni la nyapara linawafuata. Mtenge nyapara na pesa kwanza. Walipe vijana walichokatwa. Daftari lake lenyewe ndilo ushahidi, lichukue kabla halijatumbukia chooni. Asiye na pa kulala mtafutie. Anayetaka kurudi kwao mpe nauli bila masharti. Kibarua aliyekufanyia kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mzima, sheria haimhesabu tena kama kibarua wa siku, kwa hiyo mwandikie mkataba. Pakiwa na vitisho, kipigo au mtoto, piga polisi 999 au 112, au namba ya bure ya idara ya upelelezi wa jinai (DCI), 0800 722 203, ambayo humruhusu mtu kutoa habari bila kutaja jina. Masuala ya ujira yapeleke kwa afisa wa leba Kakamega. Chifu ni mtu wa kumjulisha pia, ila kwanza ujue kama nyapara si shemeji yake. Vijijini kwetu mashemeji ni wengi.

Sera yako iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na mtu aisome kwa sauti kwa lugha ya nyumbani kwa wasiosoma. Haihitaji maneno makubwa. Hatulipii kazi kupitia mtu mwingine. Hatuchukui kitambulisho. Hakuna anayelipia kupata kazi. Kilichovunjika kwa bahati mbaya hakilipwi na mbebaji. Aliye chini ya miaka 18 habebi. Nyuma ya lori hakai mtu. Ukiona jambo, piga namba hizi. Ibandike ndani ya mlango wa kila gari, upande wa taniboi, kwa sababu dereva ana mengi ya kutazama.

Kisha rudi kwenye ukurasa wa sita. Futa ile alama ya ndiyo. Andika tarehe uliyokaa na vijana yadini, wangapi uliowauliza, ulichokuta, ulichorudisha na kiasi chake kwa shilingi, na lile ambalo hujalimaliza. Ambatanisha picha ya karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kampuni ikikuuliza mbona umekiri makosa wakati wengine wote wameandika hakuna, watumie nakala ya daftari, majina ya vijana yakiwa yamefunikwa kwa wino.